Siagi ya Stesheni ya Elburgon

Mwanangu, nasikia unakimbia alfajiri huko mjini, mtaa wa Section 58, kisha unasinzia kazini mpaka bosi anakuamsha. Sikucheki. Nakumbuka siku moja, miaka ya hamsini, miguu hii unayoiona ikiomba mkongojo nusura inifukuzishe kazi.

Nilikuwa kibarua katika shamba la mzungu, chini ya Elburgon. Kila asubuhi nilibeba mkebe wa krimu mgongoni hadi stesheni, ili uwahi gari la moshi, kisha nikarudi kukamua ng'ombe mpaka jioni. Jumamosi ya wiki hiyo mashamba yangeshindana mbio, na mimi nilitaka ushindi kuliko chakula. Muda wa mazoezi sikuwa nao. Basi nikajiona mwerevu: kwa nini nisikimbie na mkebe? Ulikuwa haukujaa, ukanichezea mgongoni mlima na bonde. Nilifika karani wa stesheni angali anakunywa chai.

Akafunua mfuniko, akachungulia. "Kijana, hii umeleta ni nini?"

"Ni krimu, bwana karani."

"Hii ni siagi, umeisuka njiani. Rudi nayo."

Nikarudi polepole. Niliogopa sana, maana mama yangu alikula kwa mshahara ule. Nyapara wetu, Mzee Koros, akaitazama siagi, kisha akanitazama mimi.

"Miguu ni yako," akasema. "Krimu si yako. Ukibeba mali ya watu, tembea. Ukirudi na mkebe mtupu, kimbia mpaka uchoke, mimi sina maneno."

Kisha akaenda kuniombea kwa mzungu. Alisema nini huko, sijui mpaka leo, lakini kazi ilibaki, na mzee yule nilimpenda kama baba.

Jumamosi nilishinda. Zawadi ilipofunuliwa mbele ya watu, ilikuwa ni siagi yangu, imetiwa chumvi. Mzee Koros ndiye aliyenikabidhi, na uso wake ulikuwa wa kanisani.

Husemwa mshika mbili moja humponyoka. Mwanangu, wewe shika zote mbili, ila kila moja kwa saa yake. Saa za kazi ni za mwenye kazi. Mbio zako zilipie kwa kulala mapema, si kwa kusinzia mezani pa watu, maana kazi mbaya si mchezo mwema.

Mungu akupe pumzi ya kupanda milima, na macho ya kukaa wazi mpaka saa za kutoka. Na ukishinda, usinisahau. Mkate ninao.