Sindano Mbili Asubuhi Moja

Nilichanjwa mara mbili asubuhi moja: mara ya kwanza kwa jina langu, mara ya pili kwa jina la rafiki yangu.

Tulikuwa kambini kwa mafunzo, mbali na kwetu Ituri, na vumbi la kiangazi lilikuwa limetupasua midomo. Ajida, msimamizi wa kikosi chetu, alipiga filimbi, akatuamuru tuvue mashati na kujipanga mbele ya bohari. Munganga wa kuchanja alikuwa mmoja tu, mtu mwembamba mwenye macho mekundu ya uchovu, na sanduku la barafu miguuni pake. Kando yake karani alisoma majina bila kuinua uso. Hakuna aliyetuambia dawa ni ya nini. Jeshini huulizi. Unanyoosha mkono, unachomwa, unaondoka.

Rafiki yangu alikuwa mtu wa Bule, kijiji cha Djugu. Tuliandikishwa siku moja, na tangu hapo tulilala mkeka mmoja. Niliwahi kumwona akivuka mto uliofurika na bunduki mbili kichwani, yake na yangu, huku anaimba. Asubuhi ile alikuwa anatetemeka.

“Uko mugonjwa?” nikamwuliza.

“Ni ile shindano ya munganga. Mudogo wangu wa kike walimuchoma shindano ya kinini, dawa ya malaria, akiwa mutoto, mu tako. Muguu ikakufa. Mpaka leo anaivuta.”

“Hii ni ya mukono.”

“Siwezi, ndugu. Waniue tu.”

Nilimwonea huruma. Ila nisijifanye mwema: nilijua pia kwamba akikataa mbele ya ajida, tungeadhibiwa kikosi kizima, na nilikuwa nimechoka. Nikamwambia ajifiche nyuma ya vyoo. Jina lake lilipoitwa, muda mrefu baada ya langu, niliitika mimi. Nikatoa mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto ulikuwa umeanza kuvimba. Munganga aliutazama mkono, hakutazama uso. Karani akaweka alama.

Siku mbili sikuweza kuinua mikono yote miwili. Rafiki yangu alinifulia, akanibebea bunduki, akanilisha maharagi kwa kijiko huku akicheka. “Weye sasa ni munene wangu, mukubwa wangu,” alisema. “Hautafanya kazi tena.”

Wiki chache baadaye menenjiti, homa ya uti wa mgongo, iliingia kambini; kumbe ndiyo tuliyochanjwa. Siku moja rafiki yangu alirudi kutoka kuchota maji, akaniambia shingo inakataa kuinama. Jioni alikuwa hatutambui. Alidumu siku mbili.

Siku tulipomzika, munganga alikuja na orodha yake, akaweka kidole juu ya jina.

“Huyu tulimuchanja,” alisema. “Iko na alama hapa.”

“Basi dawa yako ilikuwa maji,” ajida akamjibu. “Uliiacha ku jua.”

Munganga aliapa kwamba barafu haikuyeyuka. Akatutazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta shahidi. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake, na nikanyamaza. Siku ya kwanza ilikuwa hofu ya jela ya kambi. Baadaye hofu iliisha, na kunyamaza kukabaki. Walimwondoa kazini. Nilimwona akipanda lori na begi lake moja, akatupungia mkono.

Nilipopewa ruhusa nilipeleka nguo za rafiki yangu Bule. Mama yake aliketi chini, akaziweka magotini. Dada mdogo wa marehemu, yule wa mguu, alisimama mlangoni.

“Hawakumuchanja?” mama aliuliza.

“Walimuchanja,” nikasema.

Miaka ilikwenda. Niliacha jeshi na goti bovu, nikaoa, nikajenga nyumba ndogo huku Mbunya, mjini Bunia. Vita vilipowatoa watu Djugu, yule dada wa rafiki yangu alifika Bunia na wajukuu watatu na sufuria moja. Mama yake mzazi alikuwa ameshafariki. Mke wangu alimtafutia chumba jirani nasi. Dada huyo ananiita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa sababu ni mimi niliyemzika kaka yake.

Mwaka huu wachanjaji wa homa ya manjano walipita mtaani. Yeye alikataa, akawazuia na wajukuu. Munganga wao, mwanamke mpole, alikuja kwangu. “Papa, weye ulikuwa askari, wanakusikiaka. Umusemeshe.”

Nilimkuta nyuma ya nyumba, anachambua maharagi kwenye ungo.

“Kaka yangu walimuchanja, na akakufa,” alisema kabla sijakaa. “Ile dawa yao ni ya nini sasa?”

Ule ulikuwa uongo wangu, na ulikuwa unawazuia watoto. Nikakaa juu ya kibao, nikamweleza yote: kutetemeka, vyoo, mkono wa kulia, alama ya karani, munganga kwenye lori. Alisikiliza bila kuacha kuchambua. Nilipomaliza, mikono yake ikasimama.

“Kumbe ni muguu yangu,” alisema.

“Hapana. Ni miye. Miye ndiye nilimuambia ajifiche.”

“Alikuwa anaogopa juu ya muguu yangu.”

Miaka yote nilikuwa nimegawa lawama hiyo, hii ya ajida, hii ya karani, kubwa yangu, na sikuwahi kufikiri kwamba nikifungua mdomo naye atachukua sehemu yake.

“Mama alikuwa anamulaani ule munganga kila siku ya maombi,” akasema. “Mpaka anakufa.”

“Najua.”

“Haujui. Weye haukukuwaka pale.” Akaurudia ungo. “Wende nyumbani, yaya. Nimechoka.”

Nilikwenda. Ilikuwa bado mchana, nikalala na viatu miguuni.

Siku mbili baadaye munganga aliniambia kwamba yule dada aliwaleta wajukuu wote watatu. Alimshika kila mmoja mwenyewe, akamgeuza kichwa asione sindano. Zamu yake ilipofika alitikisa kichwa, akatoka akivuta mguu, na hakuna aliyemfuata. Mke wangu bado anampelekea sombe, yaani kisamvu, na sufuria inarudi imesuguliwa vizuri. Jambo lile mimi na yeye hatujalizungumza tena. Nadhani wote wawili hatuna nguvu ya kulirudia.