Namba ya Cordell

Mdogo wangu Cordell Gathright ana jina zuri alilopewa na mama yetu, lakini huku kwetu Mississippi, kuanzia kanisani hadi kituo cha mafuta, wanamwita Sita. Wamemwita hivyo tangu ana miaka ishirini na mbili, na sasa mvi zimeshamwingia ndevuni. Mimi jina hilo sijalitamka hata siku moja, na anayelitamka nyumbani kwangu hukiona cha mtema kuni.

Lilianza mwaka alioitwa kujaribiwa na timu za ligi kubwa, za mpira wetu huu wa kuvaa helmeti. Waliwapima vijana urefu, uzito, hadi upana wa viganja, kama fahali wa mnadani. Madaktari wa kila timu wakalivuta goti lake kwa zamu. Jioni, mtu hoi, wakamkalisha kwenye mtihani wa akili: maswali hamsini, dakika kumi na mbili. Matokeo tuliambiwa ni siri. Hazikupita siku nyingi, mtu akamnong'oneza mwandishi, na nchi nzima ikasikia kwenye televisheni kwamba yule Gathright amepata sita.

Ilikuwa sita kweli? Sijui. Huenda. Cordell husoma swali kama anavyosoma Biblia, polepole, haruki mstari, na mtihani ule unawapenda wanaoruka. Karatasi yenyewe hakuonyeshwa. Alicheza misimu minne, goti likaisha, akarudi nyumbani kubeba masanduku ya barafu kwenye kiwanda cha kambare, hapo hapo ninapokata minofu mimi.

Kiwandani kuna Otha Lee, mtu mwenye mdomo mkali kuliko kisu chake. Sanduku likipungua, hukosi kumsikia: "Nani kahesabu? Sita? Basi tuanze upya." Watu hucheka. Cordell naye hucheka, kicheko cha mtu anayetaka tu yaishe. Ila siku binti yake Jonelle alipotoka shule akamuuliza, "Baba, kwani ile sita ilikuwa sita kati ya ngapi?" hakucheka. Alitoka nje, akafungua boneti ya gari ambalo halikuwa na ubovu wowote, akainama humo hadi chakula kikapoa.

Mwaka huu ikatangazwa nafasi ya msimamizi wa mkanda wetu, ule wa mashine unaotuletea samaki wa kukata. Kila mwombaji lazima afanye mtihani, na ni wa aina ile ile, wa kukimbizana na saa. Nilimwambia aachane nao, mateso ya mara moja yanatosha.

"Dada, kazi nikipata nitashukuru," akanijibu. "Ila mimi ninachotaka ni namba. Nataka namba nyingine."

Basi akawa anasomea mezani kwangu, kila akitoka kazini, goti limevimba, Jonelle akimshikia saa ya simu. Alijifunza kuruka. Swali likimkatalia analiacha, na ilimuuma kuliacha, nilimwona. Siku ya mtihani aliingia ofisini ananuka samaki kama sisi sote.

Majibu alipewa na Bi Pruitt wa ofisi ya ajira. Cordell alinisimulia baadaye, ameketi ngazini kwangu na viatu mkononi. Bi Pruitt alimpongeza, akamwambia amefaulu, Jumatatu anaanza. Cordell akauliza amepata ngapi.

"Alama hatutoi, Bwana Gathright. Ni siri ya mwombaji."

"Mwombaji si ndiye mimi, mama?"

Ndiye, akakubali, lakini kampuni hairuhusu, kwa ajili ya kulinda heshima za watu. Cordell akamwomba amwandikie japo kwa kalamu, kwenye kipande chochote. Yule mama akakataa, kwa upole kabisa. Namba mbaya ilizunguka nchi nzima bila ruhusa ya mtu, hii nzuri ndiyo wanaifungia kabatini, eti heshima.

Jumatatu akaingia na kofia nyeupe ya msimamizi. Mkanda ulikuwa bado haujawashwa.

"Haya, Sita, tuambie," Otha Lee akasema. "Safari hii umepata ngapi?"

Waliokuwa wakinoa visu wakaacha. Nilimkodolea macho mdogo wangu nikiomba adanganye. Thelathini, arobaini, aseme yoyote, nani angejua? Mimi ningemwapia mbele ya mchungaji. Cordell alituangalia mmoja mmoja, akavuta pumzi, akaishusha.

"Saba," akasema. "Nimepanda."

Walicheka hadi wengine wakashikilia meza. Otha Lee alimpiga bega, akamwita bosi, na safari hii hakuwa na kejeli. Cordell akawasha mkanda, kambare wakaanza kuja. Nilikata minofu huku machozi yananitoka, na siku ile nzima niliwachukia wote waliokuwa pale isipokuwa yeye.