Mkunga Aliyefunga Mlango

Asubuhi yetu ya mwisho mke wangu alinifokea kwa sababu ya vifungo. Nilikuwa nimefunga shati upande upande.

"Mzee, utatoka hivyo watu waseme huna mtu?"

Akanifunga upya, akanimiminia chai. Kesho yake hakuamka. Sasa kweli sina mtu.

Alikuwa mkunga wa zahanati. Mimi nilikuwa bawabu wa zahanati ile ile. Enzi hizo mataifa makubwa mawili yalikuwa yanagombania kututia mfukoni. Moja lilileta kitanda cha kujifungulia, la pili likaleta taa, na kila kitu kimebandikwa bendera. Mke wangu alikuwa na utaratibu wake. Msaada ukishuka tu, anachemsha maji, anachukua kisu, anabandua vibandiko vyote.

"Asante tumeshasema," aliniambia. "Zahanati ni yetu."

Siku moja wale wa taa wakaja na balozi, wapiga picha, na kitanda kipya kikiwa bado kwenye nailoni. Ofisa wa wizara akatangulia chumbani, jasho linamtiririka. Juu ya kitanda cha zamani kulikuwa na mama, uchungu umekolea.

"Mkunga, mhamishe huyo. Wanataka apigwe picha kwenye kitanda chao."

"Kichwa cha mtoto kinaonekana."

"Dakika moja tu! Hicho cha wapinzani wao hawataki hata kukiona. Bawabu, njoo tukisukume nje na mtu wake!"

Nilikuwa mlangoni. Nikamtazama mke wangu, nikakunja mikono.

"Bosi," nikasema, "mimi huyu narudi naye nyumbani."

Hata yule mama alicheka, na uchungu wake. Mke wangu akamsukuma ofisa nje, akatia komeo.

Alizaliwa msichana, sauti kama king'ora. Wageni walikuwa wameshaondoka na kitanda chao.

Wiki haikuisha, mke wangu akatupwa stoo kupanga pamba na sabuni. Ilimuuma sana. Mikono ile ilizoea watoto. Baadaye ofisa akarudi na maneno laini: balozi anakuja tena, mke wangu amwombe radhi mbele ya watu, arudishiwe chumba chake.

Alistaafia stoo, kwa jibu alilompa siku ile bila hata kutua boksi la sabuni:

"Radhi ya nini? Wangekaa nje kwenye benchi, kama waume wengine. Mle ndani aliyekuwa anasubiriwa ni mtoto, si wao."