Nesi wa Mizani

Nesi anayewapima waombaji wa bima pale Moshi mjini hana utani na mizani yake. Akimaliza na mtu huifuta kwa kitambaa cha bluu, kisha humwita anayefuata kwa pumzi moja: "Shikamoo mama, viatu, mkoba, simu." Flavia, aliyeteremka kutoka Rombo asubuhi, alishamwona akimvua mzee mmoja mpaka mkanda. Zamu yake ilipofika, nesi alikinyooshea kidole kilemba chake. "Na hicho, mama. Hakirefushi mtu."

Kilo themanini na tano na nusu. Urefu, mia moja hamsini na sita. Nesi akabonyeza kikokotoo kupata uwiano wa uzito na urefu: thelathini na tano nukta moja. Bima ya kikundi chao cha kahawa haipokei aliyevuka thelathini na tano.

"Kwa hiyo kwa kilo hizi hizi, ningekuwa mrefu kidogo ningepita?" Flavia aliuliza.

"Ungepita." Kalamu ilikuwa tayari juu ya fomu, lakini nesi hakuandika. Alikuwa anautazama mgongo wa Flavia. "Unabeba majani ya ng'ombe?"

"Tangu nikiwa binti."

Akaweka kalamu chini, akampitishia kiganja mgongoni taratibu, kama anayenyoosha shuka. "Visigino ukutani. Vuta pumzi. Simama kama siku ya harusi yako."

Mia moja hamsini na saba. Thelathini na nne nukta saba.

"Sijakuongezea kitu," nesi alisema, akiifuta mizani. "Hiyo sentimita ni yako, mama. Ilikuwa imelala chini ya majani."