Wembe wa kukunja umenitia aibu kwa wakwe Muhokya

Wakuu, amani iwe kwenu. Naandika nikiwa na hasira mpaka simu inapata moto mkononi. Nitakayosema ni kweli tupu. Kama kuna chumvi ni ile ya ziwa la Katwe, tena haizidi kijiko.

Mimi nauza vitenge hapa Bwera, mpakani upande wa Uganda. Mashine za saluni zinaniletea vipele shingoni, vikubwa kama maharage. Basi nikaona tutorial kwenye simu: mzungu ananyoa na wembe wa kukunja, ule wa zamani wenye mpini, huku anapiga mluzi. Nikasema dawa ndiyo hii.

Sokoni mpakani nikaupata kwa Papa Muhindo, mzee Mkongo wa Butembo anayeuza vitu vya mitumba.

"Papa, unakata kweli?"

"Ndugu yangu, iko mukali! Hata nzi ikitua inakufa."

Wakuu, wembe ule haukuweza kukata hata uji.

Na mimi Jumapili hiyo nilikuwa naenda Muhokya kwa Hajji, baba yake Zulfa, kuomba binti. Hajji aliwahi kuniona msikitini Kasese akasifu ndevu zangu. Kwa hiyo mpango ulikuwa kusafisha mashavu na shingo tu. Kidevu kisiguswe.

Asubuhi wembe ukagoma. Sasa huku kwetu kila chenye makali kinapelekwa kwenye jiwe la panga nyuma ya nyumba. Nikamwaga maji, nikanoa kwa nguvu zote, mpaka jirani akauliza kama leo tunachinja mbuzi.

Ukang'aa! Kumbe makali yamekuwa meno ya msumeno. Na yule mzungu hakusema neno lolote kuhusu kunoa. Povu na mluzi tu. Mshenzi.

Kuvuta mara ya kwanza, ngozi ikaja, ndevu zikabaki. Nikahamia upande wa pili ili zilingane. Sawazisha huku, sawazisha kule, kidevu kikawa kama shamba la mahindi tembo wakishapita. Damu ilitaka kufurika kama mto Mubuku. Nikabandika plasta, nikaenda hivyo hivyo. Siku ya wakwe utaiahirisha vipi?

Zulfa aliingia na chai, akaniona, akarudi nayo jikoni.

Hajji akanitazama weee.

"Kijana, nani alikupiga?"

"Hakuna, Hajji. Nilikuwa nanyoa."

"Mimi ninanyoa tangu baba yako hajaota ndevu. Wembe haipigi mtu hivi. Uliiba nini huko border?"

Mimi! Mwizi! Nimesoma masomo ya jioni mpaka nikapata cheti, halafu naitwa mwizi kwa sababu ya plasta!

Nikaapa kwa Mungu. Akasema, "Sawa. Jumapili ingine uje na hiyo wembe. Utaninyoa mimi, mbele ya ndugu zangu. Nikibaki mzima, tutaongea habari ya binti. Ukinikata, Muhokya usiijue tena."

Wakuu, huyu ni mtu ambaye hata nikimsalimia naangalia chini. Sasa nimshike kidevu?

Nikamrudia Papa Muhindo nikiwa nawaka. Akacheka mpaka akashikilia meza.

"Jiwe ya panga? Ulikuwa unanyoa ndevu ao unafyeka shamba? Ile inatakaka jiwe laini, kisha mukanda ya ngozi, na mugongo ya wembe ndiyo itangulie, makali inafuata nyuma!"

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuulizaka."

Hukuulizaka! Bado nalisikia neno hilo mpaka usiku.

Somo: wembe si panga. Ukinunua kitu cha makali, uliza kinanolewaje kabla hujatoa hela. Na kama ni mara ya kwanza, usianzie kwenye uso wako, tena siku ya wakwe.

Tangu Jumatatu najifunza: napaka puto povu nalinyoa. Nimepasua maputo yote ya duka la jirani, sasa watoto wao wananichukia. La jana lilipona nusu.

Aliyewahi kumnyoa mkwe akamwachia koo lake zima, aandike hapa chini alishika vipi. Wa kucheka acheke, lakini aniachie na ushauri. Leo ni Ijumaa, na Hajji ameshaalika ndugu.