Tumbili Waliotangulia Farasi Wangu Mtoni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mchana wa jua kali la Lodwar, nilisimama kando ya mto Turkwel na fundi niliyemkodi. Msumeno wake wa injini ulikuwa unanguruma, naye alikuwa tayari kuangusha migunga iliyofunika banda la farasi wangu.

Usinione na fimbo hii ukadhani nilizaliwa nayo. Nilitoka Nakalale bila viatu. Nikasoma, nikapata diploma ya afya ya mifugo, nikaenda nchi za Ghuba kutunza farasi wa matajiri. Wenzangu walirudi na masanduku ya nguo. Mimi nilirudi nikanunua farasi dume na jike huko Eldoret, nikawaleta hapa kwa lori. Nani mwingine alikuwa na farasi? Watu walitoka hata Kakuma kuja kuwatazama. Mzee mmoja mkimbizi wa Sudan Kusini alimshika yule jike shingoni akasema hajagusa farasi tangu atoke kwao. Siku hiyo nilijiona mkubwa, na sioni haya kusema.

Banda nililijenga katika ekwar ya Ata, yaani bibi yangu aliyemzaa mama. Ekwar ni kipande cha miti kando ya mto ambacho ukoo unakimiliki. Kivuli chake na maganda ya mbegu yanayoanguka kiangazi ni mali ya mwenyewe, na hakuna anayekata tawi bila kauli yake. Ata aliniruhusu nijenge. Mimi nikajiambia kwamba mjukuu aliyepewa kivuli amepewa mti pia.

Shida ilikuwa tumbili. Walipasua magunia ya pumba, wakaiba mahindi, wakacheza juu ya bati. Asubuhi hiyo mmoja aliruka kutoka kwenye mgunga akatua kwa kishindo, farasi jike akashtuka, akakimbilia waya wa ua akachanika bega. Naye alikuwa na mimba. Nilishona jeraha lile mwenyewe, na nililishona vizuri. Nilipomaliza nikaenda kumwita fundi, maana ningempoteza mama ningempoteza na mtoto.

Ata alikuja na kigoda chake, akakiweka penye shina la mti wa kwanza, akaketi.

"Ejok, fundi," alimsalimu. "Unakata nini?"

Fundi akanitazama mimi. Akazima injini.

"Ata, tafadhali ondoka hapo," nikasema. "Hawa tumbili wataniulia farasi. Mimi nimesomea mambo haya."

"Najua. Tangu urudi hatujasikia lingine." Fundi akageuka upande ili acheke. "Hiyo diploma yako ina kivuli? Farasi wako kaja juzi kwa lori. Hawa niliwakuta hapa nikiwa msichana, na mama yangu aliwakuta. Nani kati yenu ni mgeni?"

"Lakini wanaiba, Ata!"

"Unaacha chakula kwenye gunia, mlango wazi, halafu unawaita wezi? Hata mimi ningekula. Mti huu ni wangu. Nimekunyima. Ukitaka, anzia kukata hapa nilipoketi."

Nilikasirika sana, nikamrudisha fundi kwake. Sikumsemesha Ata siku kadhaa. Lakini farasi alikuwa bado wa kulindwa, kwa hiyo nilitafuta mapipa ya chuma yenye vifuniko, nikayafunga kwa vyuma nilivyobuni mwenyewe. Waya nikaung'oa, nikaweka ua wa mbao za kununua. Tumbili walipoona hakuna cha kuiba, wakaacha banda, wakabaki juu kwenye matawi yao.

Kisha kiangazi kikazidi. Lori la nyasi kutoka Kitale likaharibika njiani, na ghala langu likabaki vumbi. Juu ya migunga tumbili walikuwa wanakula maganda na kuangusha mengi kuliko waliyokula. Ata akaniruhusu niyaokote. Nikayachanganya kidogo kidogo na majani makavu, kama nilivyosomea, na jike wangu akasimama kwa miguu yake, kivulini, hadi akazaa.

Nilimpeleka Ata kumwona mtoto. Nikamwambia, "Asante kwa kuninyima."

"Asante haijazi mdomo," akasema. "Leta tumbaku."

Nikamletea, nikamletea hadi alipotuacha. Namshukuru Mungu kwamba nilimwambia akiwa bado anasikia.

Mwanangu, mnyama akikusumbua, tazama kwanza ni nini nyumbani kwako kinachomwita, ukakifunge. Ukipewa mahali pa kuishi, jua umepewa pamoja na waliokuwapo. Na mtu anayekupenda akikunyima kitu ukiwa na hasira, mshukuru mapema, hata kama bado umenuna.

Mvua ikufikie popote utakapojenga. Mifugo yako izae, watoto wako washibe, na usikose kamwe mtu wa kuketi mbele ya msumeno wako.