Kiti cha Nyuma Nilichomtengenezea Mke Wangu

Fundi aliyeshona kiti cha pikipiki yangu alikuwa fundi makochi, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama anakaa vipi?"

Nilijibu kwa niaba ya mke wangu, kama nilivyozoea. Nikasema anakaa kama watu wengine.

"Watu hawakai sawa, mzee. Mlete nimpime. Wewe nimekupima mpaka makalio, yeye kwa nini nisimpime?"

Nikamwambia haiwezekani, nataka aone kitu kimeshakamilika. Akachukua chaki yake, akatazama kiti, akanitazama mimi, akaendelea na kazi. Mteja akishasema, fundi anashona.

Nieleze kwanza kwa nini mzee wa umri wangu alikuwa na pikipiki kubwa kiasi kile. Nilifanya kazi ya stoo kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita kwa zaidi ya miaka ishirini. Nyumbani Buseresere nilikuwa mgeni. Nilifika siku chache kwa mwezi, nikalala, nikala, nikaondoka. Mke wangu alilea watoto, alilima, na alimuuguza mama yangu mpaka siku ya mwisho bila mimi kuwepo. Kila alipolalamika nilikuwa na jibu moja tayari: nikistaafu nitakutembeza. Tutakwenda kila mahali ulipotaka kwenda. Yeye hakuwa na mahali pengi. Alitaka kufika kwa binti yetu wa pekee, aliyeolewa kijiji kimoja karibu na Mwadui, na kukaa kwake kama mama anayemtembelea mwanawe, si kwenda mbio kwenye msiba na kugeuza.

Nilipostaafu nikanunua pikipiki ya safari kutoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa nzuri lakini ngumu. Kiti chake kilikuwa kama ubao, usukani ulikuwa chini, mabega yakaniuma kabla sijatoka hata nje ya wilaya. Nikasema nitaitengeneza iwe ya watu wazima. Nikahamia kwa mafundi. Fundi wa kuchomelea alinyanyua usukani, akaweka ngao za bomba pembeni za kulinda miguu, akaunda masanduku mawili ya bati ya kubebea nguo, moja kila upande wa tairi la nyuma. Nikaweka kioo kirefu mbele cha kukata upepo, taa mbili za ukungu, honi ya lori. Nikaipaka rangi ya damu ya mzee na kuchora mstari mweupe kwenye tangi. Fundi makochi akashona kiti cha sponji ngumu chini na laini juu, kitambaa cha leza nyeusi, uzi mwekundu. Nyuma ya kiti cha mke wangu tukaweka egemeo la juu kama la kiti cha baba sebuleni.

Vijana wa bodaboda walikuwa wanakuja kuitazama.

"Mzee, hii ni pikipiki au kitanda cha sita kwa sita?"

"Chandarua unaning'iniza wapi, baba?"

"Acheni mzee wa watu. Kafanya kazi mgodini, aache mgongo upumzike."

Nilicheka nao, na moyoni nilivimba. Nilitumia miezi kwenye kazi hiyo. Niseme ukweli: kila siku nilisema ni kwa ajili yake, na kila siku nilijiona mimi nikiingia mahali na watu wakigeuka.

Siku nilipoileta nyumbani, mke wangu aliizunguka mara moja. Alibonyeza kiti kwa kiganja. Alitazama egemeo, kisha yale masanduku.

"Nitakaaje hapa?"

"Utakaa vizuri kuliko kwenye basi."

"Nauliza miguu. Miguu naiweka wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa swali la fundi. Mke wangu maisha yake yote alipanda baiskeli na pikipiki kwa kukaa upande, miguu yote miwili kushoto, kitenge kimebana magotini. Kwa kiti changu hilo halikuwezekana. Sanduku lilikuwa pale miguu inapopaswa kuning'inia, na egemeo lilimlazimisha kutazama mbele. Alitakiwa kupanua miguu kama mwanaume.

"Njiani hakuna anayekujua," nikamwambia.

"Njiani sawa. Nazungumzia kule ninakokwenda. Nitashuka hivyo mbele ya mkwe?"

Kwetu Wasukuma jambo hili si dogo. Mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, wakikutana njiani mmoja huchepuka apite mwenzake. Mke wangu kwa miaka yote ya ndoa ya binti yetu alikuwa anazungumza na mkwe wake akiwa amegeuza uso pembeni, na yule kijana vivyo hivyo, na katika kugeuka huko walipendana sana kwa namna yao.

"Dunia imebadilika, mama," nikasema.

"Dunia labda. Mkwe wangu hajabadilika."

Akasema atapanda basi, tutakutana huko. Nikakasirika. Nikamhesabia kazi zote nilizofanya, sponji, leza, egemeo. Alisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akatoa shauri lake. Atavaa suruali yangu ya kazini ndani ya kitenge. Tutakwenda hivyo safari nzima. Lakini kabla ya kufika kijijini kuna senta yenye mashine ya kusaga. Nitasimama pale. Atashuka, ataingia nyuma ya mashine, atavua suruali, atafunga kitenge chake vizuri, atatembea kwa miguu mpaka kwa binti yake na kikapu mkononi. Mimi nitangulie na pikipiki.

"Utasimama?"

"Nitasimama."

"Niambie tena."

"Nimesema nitasimama."

Tuliondoka asubuhi na baridi. Mpaka Bwanga alikuwa amenishika kiuno kwa nguvu hata nikakosa pumzi. Tulipopita Ushirombo alilegea. Kuanzia hapo mwendo ukawa mzuri, na sitasema uongo kwa sababu ya yaliyofuata: kile kiti kilikuwa kizuri. Aliegemea nyuma akatazama nchi. Alinionyesha ng'ombe, alinionyesha makanisa, aliniuliza kwa nini mawe ya upande ule yamepangana vile. Kahama tulikunywa chai na chapati, akashuka kwa shida kidogo kwa sababu ya magoti, nikamshika, tukacheka. Mama muuza chai akamwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, wewe unafaidi. Wa kwangu hata baiskeli hajanipakia." Mke wangu akajibu, "Huyu ananilipa deni." Alisema kwa utani, lakini nilifurahi kuliko siku nyingi nilizokumbuka.

Baada ya Tinde nilianza kuwaza namna ya kuingia kijijini. Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, kabla hata ya ile senta.

Mashine ya kusaga niliiona kwa mbali. Nje yake walikuwa wamekaa wanaume kwenye benchi, na wawili kati yao niliwatambua, ni ndugu za mkwe wetu. Walisimama walipoiona pikipiki. Mmoja akanyoosha mkono. Nikawasha taa za ukungu mchana kweupe. Nikapiga honi. Mke wangu akanigonga mgongoni. Nikapita. Akanigonga tena, mara ya pili na ya tatu, kwa ngumi. Nilikuwa na helmeti, upepo ulikuwa unavuma, na baadaye nilisema sikusikia. Nilisikia. Nilijiambia kwamba kusimama mbele ya wale watu ili mke wangu akimbilie nyuma ya mashine ya kusaga ni aibu. Aibu yangu. Yake sikuipima.

Nikaingia mpaka uani.

Mkwe wetu alikuwa amesimama mbele ya nyumba pamoja na baba yake. Walikuwa wametoka kutupokea kwa sababu honi ilisikika tangu senta. Binti yetu alikuwa mlangoni amebeba mtoto. Nikazima injini.

Mke wangu alitakiwa kushuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa safari ndefu. Nyuma yake kulikuwa na egemeo refu, kwa hiyo hakuweza kupitisha mguu nyuma. Mbele yake nilikuwa mimi. Pembeni masanduku. Alitakiwa kuinua goti juu mpaka kifuani na kulivusha, na alipojaribu kitenge kilipanda na kukwama kwenye pembe ya sanduku, na suruali yangu ya kazini ikaonekana yote, na yeye amening'inia mguu mmoja hewani.

Mkwe wetu aligeuka akatazama ukuta wa zizi la ng'ombe. Hakugeuka tena. Baba yake akainamisha kichwa kama mtu aliye kanisani. Binti yetu alimpa mtoto jirani aliyekuwa karibu, akakimbia, akafungua kanga yake mwenyewe na kuishika mbele ya mama yake kwa mikono miwili kama pazia, huku akilia na kusema polepole, "Shuka mama, shuka taratibu, hawakuoni." Mimi nilikuwa bado nimekaa nimeshika usukani.

Aliposhuka alitembea mpaka ndani bila kumsalimia mtu. Hata mjukuu alimpokelea ndani.

Baba wa mkwe wetu alinisogelea baada ya muda. "Mkwe mwenzangu," akasema, "pikipiki yako ni nzuri sana." Basi. Akanionyesha kiti.

Mke wangu alikaa siku alizopanga, lakini hakutoka ndani kuja uani mwanaume akiwepo. Alirudi kwa basi. Mimi nilirudi na kiti kitupu nyuma.

Mwezi uliofuata nilikwenda peke yangu kwa mkwe kuomba radhi. Nilipeleka mbuzi. Yule kijana alinipokea kwa heshima, akasema, "Baba, mimi sikuona kitu." Alisema uongo wa mtu mwenye malezi. Nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikamweleza mke wangu kwamba nimeyamaliza.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha.

"Umemwomba radhi mkwe," akasema. "Umemwomba na baba yake?"

"Na baba yake."

"Vizuri."

Alichambua ungo wote, akaumimina, akachukua mwingine. Ndipo nilipoona kwamba nilisafiri kilomita zote zile kuomba msamaha kwa watu wasiostahili kuombwa kwanza, na aliyestahili nilikuwa nalala naye nyumba moja.

Nikamwambia, "Nilisikia uliponigonga."

"Najua ulisikia."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe siku nyingi. Lakini nyuma yako sipandi tena."

Nilidhani atalainika. Nilirudi kwa fundi, tukang'oa egemeo, tukatoa sanduku la kushoto, tukaweka kibati cha kukanyagia upande huo ili miguu miwili ikae pamoja. Safari hii nilimwomba mke wangu aje apimwe. Alikuja, kwa sababu ni muungwana. Fundi akampima. Alikaa upande, akasema kinafaa, akamshukuru fundi, akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu.

Sasa ni mwaka wa tatu. Kila baada ya mavuno anakwenda kwa binti yake kwa basi. Nimeomba kwenda naye, tukae viti viwili jirani kama abiria wengine. Mwaka jana alisema safari ya wanawake haina mume. Mwaka huu alifikiri kidogo kabla ya kukataa. Ninambebea begi mpaka stendi. Ananiacha nibebe. Wiki iliyopita kondakta alimuuliza, "Mama, huyu mzee ni msindikizaji au abiria?" Mke wangu akanitazama kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe.

"Leo msindikizaji," akasema, akapanda.